Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Pemba na Likizo ya Familia

Katika toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu habari za ndege wa kisiwa cha Pemba, na maswali yaliyofuata yamekuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Wengi walioandika ni watu wanaopanga kwenda huko na watoto, na wote wana wasiwasi unaofanana: je, kutazama ndege na likizo ya familia vinaweza kukaa katika safari moja bila kugombana? Nimechagua maswali machache nitakayoyajibu kwa kirefu badala ya kuyajibu yote kwa mkato.

Tunakwenda Pemba kwa siku saba mwezi wa Desemba, mimi, mume wangu na watoto watatu wenye umri wa miaka mitano, tisa na kumi na tatu. Mpenzi wa ndege ni mimi peke yangu. Mume wangu anataka bahari, na watoto wanataka mahali ambapo hawataambiwa "nyamazeni". Nitawaonaje ndege wa kisiwa hicho bila kuwaharibia wenzangu likizo?
*Mama wa watatu, Morogoro*

Mama wa watatu, nianze na jambo litakalomtuliza mume wako. Pemba ina aina nne za ndege zisizopatikana mahali pengine popote duniani, nazo ni bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba (ndege mdogo anayefyonza maua) na kinengenenge wa Pemba. Wawili wa mwisho hawahitaji kufuatwa msituni. Wanaishi bustanini, mashambani, kando ya barabara na hata katikati ya miji, na mtu aliyefikia Chake Chake, Wete au Mkoani anaweza kuwaona wote wawili kabla hajamaliza chai ya asubuhi, mradi awe amekaa nje barazani na si ndani mbele ya televisheni. Kwa hiyo nusu ya kazi yako utaimaliza wengine wakiwa bado wamelala.

Kosa ninaloliona kwa wazazi wengi ni kuanza na msitu. Wanawaamsha watoto usiku, wanawapakia garini, wanawatembeza saa tatu chini ya miti mirefu ambako ndege wanasikika zaidi kuliko wanavyoonekana, kisha wanashangaa kwamba watoto hawataki tena kusikia neno ndege. Wewe anza na kiti. Asubuhi ya kwanza, mnamo saa kumi na mbili na nusu, kaa karibu na ua la mgomba au kichaka chochote chenye maua, na yule mwenye miaka mitano, ambaye bila shaka atakuwa ameshaamka, mpe kazi ya kukuonyesha kitu chochote kinachotikisika. Macho yake ni mazuri kuliko yako, na hana mazoea ya kudharau vitu vidogo.

Mimi mwenyewe chozi wa Pemba nilimfahamu vizuri nikiwa nimekaa hivyo mjini Wete. Dume lilitua kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa uani, nalo kwa mara ya kwanza lilionekana jeusi tu kama lililopakwa masizi. Lilipogeuka kuelekea jua, kichwa kikawaka kijani, kifua kikawaka zambarau, kisha likageuka tena na rangi zote zikazimika. Likaona sura yake kwenye kioo, likadhani ni dume jingine lililoingia himaya yake, likaanza kukidonoa kile kioo, kuzunguka nyuma yake kumtafuta adui, kutomkuta, na kurudi mbele kuanza upya. Vita vile viliendelea kwa muda mrefu, hadi mwenye pikipiki alipotoka, akacheka, akakifunika kioo kwa kitambaa na kusema kwamba hiyo ndiyo desturi yake ya kila siku. Jike, ambaye hana ule mng'ao na kwa hiyo wageni humpita bila kumtazama, wakati huohuo alikuwa akikusanya utando wa buibui kwenye pembe ya dirisha, maana kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, na utando ndio uzi wa kukishonea.

Kinengenenge ni rahisi zaidi. Ni ndege mdogo wa manjano mwenye duara jembamba jeupe kuzunguka jicho, na hatembei peke yake; hupita kwa makundi yanayoitana bila kukoma, yakipekua majani moja moja kutafuta wadudu, kisha huhamia mti wa pili wote pamoja. Kundi likishaingia kwenye mti ulio juu yenu, hakuna haja ya kunyamaza wala ya kujificha. Hapa niseme jambo ambalo litawapa watoto wako nafuu: kinachowatimua ndege zaidi ni mkono unaonyooshwa ghafla na mtu anayekurupuka, si mazungumzo ya sauti ya chini. Usiwaambie watoto wanyamaze. Waambie watembee kama wanaobeba maji.

Baadaye, siku ya tatu au ya nne, watoto wakiwa wameshawazoea hao wawili, nendeni Ngezi. Huu ni msitu wa hifadhi ulio kaskazini mwa kisiwa, ukipita Konde, nao ndio mabaki makubwa ya msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mashamba ya mikarafuu. Mlangoni kuna kiingilio na kuna waongozaji. Mchukueni mwongozaji, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni mti upi umezaa wiki hiyo, na hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote kwa mtu anayemtafuta ninga. Ninga wa Pemba ni njiwa wa kijani na kijivu mwenye doa la zambarau begani, na akikaa kimya ndani ya majani unaweza kuutazama mti mzima wenye ninga kumi usimwone hata mmoja. Dalili yake ni matunda yanayodondoka. Msimame chini ya mti uliozaa, msikilize, na pale tunda linapoanguka bila upepo tazameni moja kwa moja juu yake. Kazi hii mpe yule wa miaka tisa. Mkubwa mpe daftari na kalamu, aandike mahali, saa na alichokuwa akifanya ndege, si jina peke yake.

Kuhusu mume wako, barabara inayopita katikati ya Ngezi inaendelea hadi upande wa bahari, na ufukwe wa Vumawimbi uko jirani kabisa na msitu. Mkiingia msituni saa moja asubuhi na kutoka saa tatu, joto likianza kupanda na ndege wakianza kutulia, familia nzima inaweza kuwa majini kabla ya saa nne. Desemba mvua za vuli huwa bado zinachungulia. Msikate tamaa zikinyesha, kwani nusu saa baada ya mvua kukatika ndege hutoka kukausha manyoya kwenye matawi ya wazi, na huo ni wakati mzuri kuliko asubuhi nyingi zenye jua.

Nimesoma kwamba Unguja haina hata aina moja ya ndege iliyo yake peke yake, ilhali Pemba, iliyo ndogo zaidi, inazo nne. Sababu ni nini?
*Mwalimu, Tanga*

Mwalimu, jibu liko chini ya maji. Mkondo wa bahari unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, wa makumi machache tu ya mita, na ule unaoitenga Pemba unashuka hadi mamia ya mita, mahali pengine karibu 800. Wakati wa kipindi cha mwisho cha barafu, maji mengi ya dunia yalipokuwa yamegandia kwenye ncha zake, usawa wa bahari ulishuka kwa kiasi cha mita 120 hivi. Hapo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na wanyama na ndege walipita kwa miguu na kwa mbawa fupi bila kizuizi. Pemba ilibaki kisiwa. Ndege waliokuwa wamefika huko walikaa peke yao kwa muda mrefu sana, wakizaana wao kwa wao, mpaka rangi, sauti na umbo lao vikaachana na vya ndugu zao wa bara.

Utaona pia upande wa pili wa jambo hilohilo. Msitu wa Jozani ulioko Unguja una shorobo wa Fischer, yule ndege wa kijani mwenye mbawa nyekundu anayekimbia juu ya matawi kama kindi, lakini Pemba hayupo. Kima punju vilevile ni mnyama wa Unguja. Wale wachache walioko Ngezi walipelekwa na watu katika miaka ya 1970. Kisiwa kilichotengwa hupata vitu vyake na hukosa vya jirani, na mtu anayekwenda Pemba akitarajia wingi wa ndege wa bara atakuwa amekwenda kutafuta kitu ambacho bahari ilikizuia.

Nina fedha za kununua darubini moja tu kwa familia nzima. Nichukue ipi? Muuzaji ananishauri yenye nguvu zaidi, ya 20.
*Baba Salma, Dodoma*

Usimsikilize. Juu ya kila darubini kuna namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa, na ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ambao ndio unaoamua mwanga unaoingia. Darubini inayokuza mara 20 hukuza pia mtetemeko wa mikono mara 20, na eneo inaloonyesha ni dogo kiasi kwamba ndege akisogea tawi moja umeshampoteza. Kwa msituni 8x42 inatosha kila mtu mzima. Kama watoto ndio watakaoitumia zaidi, 8x30 ni nyepesi na haitawachosha shingo. Kabla ya kulipa, mpe mtoto mdogo aijaribu palepale dukani, kwa sababu darubini nyingi haziwezi kukunjwa vya kutosha kufuata macho yaliyokaribiana, na mtoto akiona vivuli viwili vyeusi badala ya duara moja ataikataa siku ya kwanza.

Namna ya kumfundisha: amtazame ndege kwa macho matupu, asiondoe macho yake hapo, kisha ainue darubini hadi ikutane na macho. Wanaoanza kwa darubini na kumtafuta ndege ndani yake hawamwoni.

Shikamoo. Mimi nina miaka 11. Baba anasema tukifika Pemba atatupeleka usiku kumsikiliza bundi. Bibi anasema bundi akilia karibu na nyumba kuna mtu atakufa, na sasa mdogo wangu anaogopa na analia. Je, ni kweli? Na tutamwonaje gizani?
*Msomaji wa darasa la tano, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Bibi yako usimbishie. Amekuambia alichoambiwa na wakubwa wake, na karibu pwani yote tumekua tukiambiwa hivyo. Wewe mweleze mdogo wako hili: bundi wa Pemba hulia kila usiku, juu ya misitu na mashamba ambayo pembeni yake watu wanaishi. Kama kila mlio ungeondoka na mtu, pale Konde pasingebaki wa kufungua duka asubuhi.

Anacholilia ni mambo mawili. Anawaambia madume wengine kwamba mahali hapa pana mwenyewe, na anamwambia jike wake mahali alipo. Sauti yake ni fupi, "hu", kisha ananyamaza kidogo, kisha "hu" nyingine, na mara nyingi utamsikia wa pili akimjibu kutoka upande mwingine. Si sauti ya kutisha hata kidogo. Inafanana na mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu kwa mbali. Mwambie mdogo wako afanye mazoezi na chupa kabla ya safari, na akiisikia usiku ataona amekutana na kitu anachokijua.

Halafu yeye mwenyewe ni mdogo. Urefu wake haupiti wa daftari lako, ana macho ya manjano, na chakula chake kikubwa ni wadudu kama nondo na panzi. Wako wa rangi mbili, wengine kahawia na wengine wekundu kama kutu, na hao si aina mbili bali ni ndege mmoja, kama vile ndugu wa tumbo moja wanavyoweza kutofautiana rangi. Mchana hujificha ndani ya majani mazito, kwa hiyo usiku ndio wakati wake. Anaishi Ngezi na pia katika mashamba ya zamani ya mikarafuu yenye miti mikubwa. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1937, kutokana na maandishi ya Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, ingawa sioni namna watu wa Pemba walivyoweza kulala miaka yote hiyo bila kujua kwamba wana bundi.

Sasa namna ya kwenda. Mwambie baba apange mapema na waongozaji wa Ngezi, kwa sababu msitu wa usiku si mahali pa kuingia wenyewe. Fikeni kabla ya jua kuzama, ambalo kwa Desemba huzama muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, ili giza liingie mkiwa mmeshatulia. Mtoto anayeliona giza likija polepole hapati hofu kama yule anayeshushwa garini ndani yake. Zimeni tochi. Kaeni. Mara ya kwanza mtasikia vitu vingine vyote, chura, nzige, jani linaloanguka, kisha mmoja wenu ataminya mkono wa mwenzake kwa sababu amesikia "hu".

Mkimpata karibu, mwongozaji atamulika kwa muda mfupi tu, tena pembeni yake, si machoni. Usipige picha kwa mwanga wa kamera. Macho yake yameumbwa kukusanya mwanga kidogo sana wa usiku. Na kuna jambo moja nakuomba umwambie baba kwa adabu, nalo ni asicheze sauti ya bundi iliyorekodiwa kwenye simu ili kumvuta. Bundi akisikia sauti ile hudhani ameingiliwa, huacha kuwinda, huja kutafuta adui asiyekuwepo, na jike lake hubaki peke yake kwenye kiota. Familia moja ikifanya hivyo usiku mmoja huenda akasahau. Lakini Ngezi inapokea wageni mwaka mzima, na bundi wenyewe si wengi.

Mwaka jana mwezi wa Novemba tulikuwa Pemba na wajukuu. Maji yalipokupwa tuliona ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mweusi mnene uliozidi mwili. Wajukuu waliwapa ndege hao jina la "wahudumu wa hoteli". Ni ndege gani, na kwa nini tulipojaribu kuwakaribia waliruka wote?
*Mstaafu, Kibaha*

Shikamoo mzee wangu. Jina walilopewa na wajukuu zako linawafaa kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Hao ni ndege wala kaa, na duniani kote hawana hata aina moja iliyo ndugu wa karibu kiasi cha kuwekwa nao katika familia moja. Wataalamu wameipa aina hiyo familia yake peke yake. Ule mdomo mnene ndio siri yao. Vitwitwi na ndege wengine wa pwani wana midomo myembamba ya kuchokonoa tope, lakini huyu mdomo wake ni wa kuvunjia. Mtazame mmoja peke yake kwa muda: anatembea taratibu kama mtu aliyepoteza sarafu, anasimama, anakimbia hatua tatu, anachoma mchanga, anatoka na kaa. Kaa mdogo humezwa mzima. Mkubwa hutikiswa na kupigwapigwa hadi miguu inakatika mmoja baada ya mwingine, kisha kiwiliwili humezwa, na pengine ndege hurudi kuiokota ile miguu.

Hawazaliani Pemba. Huzaliana wakati wa joto kali katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na kandokando ya Bahari ya Arabuni, na huko hufanya jambo lisilofanywa na ndege wengine wa jamii ya pwani: huchimba shimo refu mchangani, hutaga ndani yake yai moja jeupe, na kuliachia joto la mchanga sehemu kubwa ya kazi ya kulitamia. Kisha hushuka kusini kuja kwetu. Ukimwona mmoja wa kijivu akimfuata mwenzake huku akilialia na kuinamisha kichwa, huyo ni kinda aliyesafiri bahari yote hiyo na bado anataka kulishwa na mzazi wake. Wajukuu zako wamfahamu huyo vizuri.

Kuhusu kuruka kwao, tatizo lilikuwa ni kuwafuata. Ufukweni mtu hamfuati ndege. Hungoja maji yamlete. Maji yakikupwa ndege husambaa juu ya tambarare ya mchanga na nyasi za bahari, mbali kabisa, na kila ukisogea wao husogea pia. Maji yakianza kujaa husukumwa kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, na mtu aliyekaa chini tangu mapema bila kuinukainuka anaweza kuwaona wakila umbali wa hatua thelathini. Kwa hiyo kabla ya safari muulizeni mvuvi yeyote kama ni bamvua au ni maji mafu. Siku za bamvua bahari hukupwa mbali sana wakati wa asubuhi na hurudi kwa nguvu mchana, na saa mbili za mwisho kabla haijajaa ndizo zenu. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na ndege hubaki walipo.

Ikishajaa hukusanyika mahali pakavu kupumzika, na hapo muwaache. Baadhi ya majirani zao katika kundi lile, sululu mwenye mdomo uliopinda na vitwitwi wanaokimbia mbele ya wimbi, wametoka kuzaliana kaskazini ya mbali kabisa, wengine Siberia, na watahitaji mafuta yote waliyoweka mwilini watakapoanza kurudi mnamo mwezi wa Machi na Aprili. Kundi linalorushwa mara nne katika mapumziko moja hulipia kila ruko. Na wanaopanga likizo ya Juni wajue kwamba wakati huo wengi wa ndege hawa watakuwa wameondoka. Watakaobaki ni wachache, hasa vijana wasiozaliana bado.

Je, popo wa Kidike naweza kuwaandika kwenye orodha yangu ya ndege? Mwanangu anasisitiza.
*Mama Abdul, Mombasa*

La hasha, kwani popo hunyonyesha. Ila mwambie Abdul afungue ukurasa wa pili kwa ajili yao, kwa sababu popo mkubwa wa Pemba naye hapatikani kwingine duniani. Ana uso unaofanana na wa mbweha, mbawa zikinyooshwa hufikia karibu mita moja na nusu, na chakula chake ni matunda na maua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamewindwa kwa ajili ya nyama hadi wakahofiwa kutoweka. Kupona kwao kumetokana kwa kiasi kikubwa na wanavijiji waliokubali kuwalinda, Kidike wakiwa miongoni mwao, na leo wanahesabiwa kwa maelfu. Nendeni alasiri, mbaki hadi jioni wanapoanza kuondoka mitini.

Nimerudi Pemba na orodha ya aina 27 tu kwa siku nne, ilhali rafiki yangu hupata zaidi ya hizo kwa asubuhi moja kando ya ziwa lolote la bara. Watoto wangu wananicheka. Nilikosea wapi?
*Mpenda ndege, Arusha*

Hukukosea, ndugu yangu, ila ulibeba kipimo cha ziwa ukakipeleka kisiwani. Nimeisoma orodha uliyoambatanisha, na ninaona wote wanne wamo, jambo ambalo rafiki yako hataweza kulifanya kando ya ziwa lolote hata akikesha hapo mwaka mzima. Ninachokuulizia ni kingine. Mbele ya kila jina umeweka alama ya tiki, na hakuna neno lolote zaidi. Umemwona kasuku mwenye kichwa cha kahawia, ambaye Pemba bado yupo. Alikuwa akila nini? Umeandika "kozi wa kijivu, minazini", na kama ni yule wa Dickinson, ambaye Pemba anapenda kukaa juu ya minazi, basi alikuwa akitazama chini ya mti kwa sababu fulani. Umemwona kinengenenge siku zote nne, na siku zote nne umemwandika mara moja.

Mara nyingine wape watoto wanaokucheka ndege mmoja mmoja kila mtu, kwa siku zote za likizo. Mmoja achukue chozi, mmoja achukue kinengenenge, wewe baki na ninga kwa kuwa ndiye mgumu. Kila jioni kila mmoja aeleze alichomwona wake akifanya, na asiruhusiwe kusema "niliona tu". Binti ya dada yangu, aliyepewa chozi akiwa na miaka minane, alikuja kutuambia siku ya tano kwamba jike halitui kamwe moja kwa moja kwenye kiota chake. Hutua kwanza kwenye tawi lilelile lililo pembeni, hugeuza kichwa kushoto na kulia, ndipo huingia. Watu wazima watatu tulikuwa tumekaa chini ya kiota kile tangu siku ya kwanza.